Tarishi Anayetafuta Mstari wa Saba

Jana mchana, nikisubiri faili lifunguke, usingizi ulinichukua mezani nikaota ndoto ambayo hadi sasa sijapata ubavu wa kuiita ndoto.

Ilikuwa Jumamosi. Saa kumi kulikuwa na kikao cha ukoo nyumbani kwa kaka yangu Mbazi, na katibu wa ukoo ni mimi, Abineri, mwalimu wa jiografia. Kaka alinipigia tangu asubuhi. Alitaka nakala kumi na mbili za muhtasari wa kile kikao cha kumaliza msiba wa baba, miaka tisa iliyopita, ili kila mtu aione kwa macho yake, maana safari hii ajenda ni nyumba. Niliwasha laptopu saa nne. Saa sita na nusu kiduara kilikuwa bado kinazunguka katikati ya kioo, na feni inahema kama mtu anayepuliza kuni mbichi.

Niseme ukweli tangu mwanzo, maana nimechoka kuuzungukazunguka. Nyumba yenyewe ni ile ya bati jekundu anayokaa Shangazi Nakiete, aliyetulea baada ya mama kufariki. Kaka anataka kuibomoa ajenge nyumba ya wageni. Na muhtasari ule ulikuwa na mstari wa saba, uliosema hivi: Shangazi Nakiete atakaa kwenye nyumba ya bati jekundu mpaka mwisho wa uhai wake, na mtu asimguse. Ukoo mzima uliitikia. Niliuandika kwa mkono kwenye daftari, wiki iliyofuata nikauchapa kwenye laptopu mpya, kisha nikaufuta.

Laptopu alinipa kaka. Aliileta mwenyewe, akasema katibu wa kisasa haandiki kwa kalamu. Akasimama nyuma ya kiti changu nikichapa. Nilipomaliza mstari wa saba akasema, "Huo utoe tu, Katibu. Hauna kazi. Kwani nani atamfukuza shangazi?" Hakuna aliyetaja neno rushwa. Tulikunywa chai na maandazi. Daftari akaondoka nalo, eti akalitunze.

Na hakuna aliyegundua, kwa sababu ukoo wetu una desturi moja ya kipumbavu: tunasaini mahudhurio kabla kikao hakijaanza, hata soda hazijafunguliwa. Karatasi ya sahihi inakaa peke yake. Baadaye katibu anaibana kwa pini nyuma ya chochote alichoandika, na chochote alichoandika kinakuwa kimekubaliwa na wote. Shangazi hajui kusoma. Yeye aliweka dole gumba, akanirudishia kalamu kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo laptopu ni nzito. Nimeipeleka mara nne kwa fundi Zuhura, mama mmoja mpole mwenye duka karibu na posta, na kila mara ananionyesha namba ileile: diski, asilimia mia. "Mwalimu, hata usipofungua kitu, diski hii haipumziki," aliniambia mara ya mwisho. "Nimepunguza programu, nimefagia uchafu, nimezima nimewasha. Kuna kitu humu ndani kinatafuta. Sijui kinatafuta nini." Nikamwambia hata mimi sijui. Nikaweka kichwa mezani, hiyo ni jana sasa, nikifikiria maneno yake, macho yakafumba.

Kiduara kinatoka kwenye kioo. Kinashuka mezani, kinasimama kwa ukingo wake kama gurudumu, kinaniambia:

"Tafadhali subiri."

"Nimesubiri tangu saa nne."

"Mimi nimesubiri miaka tisa," kinasema. "Na wewe una nafuu, umekaa. Duara halina makalio."

Kinaruka chini, kinabingirika hadi mlangoni, na mimi nakifuata. Mlango wangu hutokea uani kwenye kamba ya nguo. Leo unatokea kwenye ukumbi wa ofisi, mrefu, wenye mabenchi ya mbao, na mabenchini wamekaa watu mamia, kila mmoja na shughuli yake mapajani. Mmoja anahesabu dakika. Mwingine kashika rangi ya kioo kwenye ndoo, ananiomba nisiigonge.

Mbele kuna kaunta. Nyuma ya kaunta kuna mama mnene aliyevaa kitenge, miwani imening'inia kwa uzi, na kibao kifuani: MENEJA WA KAZI.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba. Jina la programu?"

"Mimi si programu, mama. Ni mwenye mashine."

"Wote wanasema hivyohivyo. Shida yako?"

"Diski haipumziki. Nataka kujua anayeila."

"Hapa hakuna anayekula. Watu wanafanya kazi." Anafungua daftari kubwa, analamba kidole, anasoma. "Askari wa virusi, asilimia sita. Msasishaji, asilimia nne, anasasisha kitu ambacho hata yeye hakijui. Mtafutaji, asilimia themanini na tisa. Na wewe, asilimia moja."

"Moja tu?"

"Umelala."

Nakumbuka fundi Zuhura aliniambia kwamba kazi isiyo na maana mtu anaimaliza tu, basi. Namwambia Meneja ammalize Msasishaji, tujaribu. Anagonga kengele. "Msasishaji, kazi yako imekwisha!" Mzee mmoja anasimama, anakunja gazeti lake, anaanza kupeana mikono na benchi zima. Wengine wanalia. Namshika mkono hata mimi, nampa pole. Anatoka kwa mlango wa kushoto, unafungwa nyuma yake kwa heshima. Kabla sijageuza shingo anaingia kwa mlango wa kulia na gazeti lilelile.

"Hodi," anasema. "Mimi mgeni hapa."

"Karibu sana," Meneja anasema, na kumwandika: asilimia nne.

Nimeishi na ukoo wangu miaka arobaini na nane, kwa hiyo jambo hilo halinishangazi. Kila kikao tunamvua mtu cheo na kumvisha kilekile kabla ya chakula.

"Basi mmalize huyo Mtafutaji," nasema.

Yule wa ndoo anaweka ndoo chini.

"Huyo hamalizwi na mimi," Meneja anasema polepole. "Huyo ametumwa."

"Na nani?"

"Na mwenye mashine." Ananitazama juu ya miwani. "Si umesema ndiye wewe? Unajua, baba, kikulacho..."

"Naijua hiyo methali, mama," namkata.

"Kama unaijua, teremka chini ukaonane nayo. Pita kwa askari kwanza."

Askari wako wawili, kaki zimepigwa pasi zikasimama zenyewe. Kila anayepita wanampekua, hata upepo. Wa kwanza ananiuliza kama nina kitu chochote kilichofutwa. Nasema sina. Wa pili anachukua kile kifimbo kinacholia, ananipitisha nacho. Mifukoni, kimya. Viatuni, kimya. Moyoni kinapita kimya kabisa, mpaka anakitikisa akidhani betri imekwisha. Kinapofika kidole changu cha shahada, cha mkono wa kulia, kinapiga kelele kama chura wa masika.

"Kidole hiki kilibonyeza nini?"

"Vitu vingi, afande. Mimi ni mwalimu."

"Kina hatari ya wastani," anamwambia mwenzake, ambaye anaandika. "Kitakaa karantini."

Anakishika, anakizungusha mara tatu kama anayefungua taa ya umeme, kinatoka. Hakuna maumivu, wala damu. Anakitia kwenye chupa ya jamu, anafunga kifuniko, anabandika karatasi yenye jina langu na tarehe ya leo.

"Nitakipata lini?" nauliza.

"Kikithibitika hakina madhara."

"Na kisipothibitika?"

"Una vingine tisa," anasema, na kumwita anayefuata.

Ngazi za kushukia ni zile za shule ninayofundisha, zenye ule ufa ambao nimeuandikia barua tatu kwa mkuu wa shule. Nashuka. Huku chini kuna duara moja kubwa mno, pana kama uwanja wa kuanikia mahindi, linang'aa, linazunguka bila kituo. Mkono mrefu wa chuma wenye sindano unakimbia juu yake, ndani, nje, ndani, nje, ukilia tiki tiki tiki. Ndiyo ile sauti ninayoisikia kila siku na kuifunika kwa redio.

"Simama kando," duara linasema kwa sauti ya kizee. "Usije ukaandikwa."

"Shikamoo, Diski."

"Marahaba, mwanangu. Utanisamehe, sitasimama kukupokea. Sijasimama miaka tisa."

Juu yake kuna mtu anakimbia. Mzee mwembamba, kaunda suti iliyopauka, mkoba wa tarishi begani, viatu vimelika soli hadi vimebaki kamba na nia njema. Anachuchumaa, anavuta mtoto wa meza, anasoma karatasi zote zilizomo, anafunga, anakimbilia mwingine. Anasoma mitihani yangu ya kidato cha pili, swali kwa swali. Anasoma ratiba ya harusi ya binamu. Anasoma barua zangu tatu za ufa. Akifika mwisho anajifuta jasho, anaanza upya.

"Tarishi!" namwita. "Unatafuta nini?"

Ananijia akiwa bado anakimbia papo hapo, maana sakafu yake haisimami. Anatoa kikaratasi kwenye mfuko wa shati. Kimekunjwa na kukunjuliwa mpaka kimekuwa laini kama kitambaa. Kina neno moja: Nakiete.

Nalijua neno hilo lilivyofika pale. Siku ile, baada ya kufuta, kaka alisema hakikisha. Nikaandika jina la shangazi kwenye kile kisanduku cha kutafutia, nione kama limebaki popote. Chai ikaletwa. Nikafunika laptopu.

"Ulifunika kabla sijajibu," Tarishi anasema. Hana hasira, na hilo ndilo linaloniudhi. "Sasa nikujibu nini, mwalimu? Nikisema haupo nitakuwa mwongo, maana nauona kila nikipita. Nikisema upo, utaniambia niulete, na hauna njia. Uliifuta. Basi nazunguka, labda njia itapatikana kwingine."

"Miaka tisa? Si ungesema tu haupo, ukapumzika?"

"Mimi ni tarishi," anasema. "Siyo katibu."

Diski linakohoa chini yetu. "Nyinyi watu mnadhani kufuta ni kuondoa," linasema. "Mnaondoa njia tu. Kitu kinabaki palepale kilipo. Sisi tunaambiwa tukiwekee kibao, 'wazi', na mwenye shida ya nafasi aje aandike juu yake. Mpaka leo hajatokea wa kuandika juu ya ule. Bahati tu."

"Uko wapi?"

Tarishi anaonyesha kwa kidevu. Tunatembea hatua chache na sakafu inakuwa mavumbi, kisha uani, kisha kuna ndoo ya bluu isiyo na mkono ninayoifahamu, na nyumba ya bati jekundu. Mlangoni pamepigiliwa kibao: WAZI.

Ndani Shangazi Nakiete anapika makande.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Bado."

"Kaa hapo. Mbona umekuja na vidole tisa?"

"Kimoja kiko karantini."

"Haya. Nawa vilivyobaki."

Nanawa. Ananipakulia kwenye lile bakuli langu la bati lililobonyea, ambalo nilipokuwa mdogo nilikuwa simwachii kaka hata kidogo. Anakaa kwenye kigoda chake, anajipangusa kwa ncha ya khanga.

"Siku hizi huku kimya sana," anasema. "Naita watu hawasikii. Juzi nimetoka mlangoni nikakuta mlango upo, njia haipo. Nikasema, hao wanangu bila shaka wanatengeneza barabara. Si ndivyo?"

Nina makande mdomoni. Nataka kufa kwa aibu, nasema hivyo waziwazi, lakini ndotoni mtu hafi kwa kutaka. Naitikia kwa kichwa.

Hodi inapigwa. Wanaingia watatu, warefu, weupe, wembamba kiasi kwamba wakigeuka upande siwaoni. Ni karatasi. Ni kurasa tatu za ramani ya nyumba ya wageni ambayo kaka alinitumia juzi niihifadhi kwenye laptopu. Wamevaa kofia za mafundi ujenzi na wana futi kamba.

"Tumeambiwa hapa pako wazi," anasema wa kwanza.

"Kuna mtu anapika," nasema.

"Kibao kinasema wazi."

"Lakini unamwona!"

"Mzee, sisi hatuangalii. Tunasoma."

Wanaanza kuchora. Wanapiga mstari kutoka dirishani hadi kwenye meko, wanaandika MAPOKEZI juu ya moto, na moto unakuwa neno. Shangazi hagombi. Anasema, "Wapisheni wageni," akijiambia mwenyewe, anabeba chungu, anakisogeza pembeni. Wanachora pembeni: CHUMBA NAMBA MOJA. Anasogea tena, na kigoda chake. CHUMBA NAMBA MBILI. Anasogea. Sasa amechuchumaa na chungu chake kwenye kijipembe kilichobaki, na ukurasa wa tatu umeshaandika pale CHOO. Anakoroga makande ndani ya neno hilo, ananiambia yanakaribia kuiva ya raundi ya pili.

"Diski!" napiga kelele. "Wasimamishe!"

"Sina mamlaka," Diski linasema kutoka chini ya mavumbi. "Rudisha njia."

"Iko wapi hiyo njia?"

"Ni mdomo wako. Usome mstari wako mbele ya waliousaini. Hakuna njia nyingine, nimeshaitafuta."

Na hapohapo ukoo umeshakaa. Viti vya plastiki kumi na viwili vimejaa ndani ya CHUMBA NAMBA MBILI, karatasi ya mahudhurio inapita mkono kwa mkono, soda hazijafunguliwa. Katikati amekaa kaka Mbazi, amevaa tai ya siku ya msiba wa baba.

"Katibu," anasema, "tusomee."

Nasimama. Nafungua mdomo. Kinachotoka ni sauti ya kiduara: "Tafadhali subiri."

"Tunasubiri," kaka anasema kwa adabu, na wote wanaitikia, tunasubiri.

Mstari wa ukuta wa choo umefika kwenye bega la shangazi. Rangi ya khanga yake inaanza kufifia pale kalamu inapopita. Nafungua mdomo tena. "Tafadhali subiri." Natamani kujing'ata ulimi. Shangazi ananitazama kupitia mvuke, ananipa moyo kwa nyusi, kama alivyokuwa akifanya nikiwa darasa la tatu na shairi la kughani mbele ya shule nzima, naye kasimama nyuma kabisa dirishani.

Mara ya tatu naupiga mbio: "Shangazi Nakiete atakaa kwenye nyumba ya bati jekundu mpaka mwisho wa uhai wake, na mtu asimguse!"

Nimesema kwa nguvu mpaka soda mbili zimejifungua.

Kurasa tatu zinavua kofia. "Samahani, mama," wa kwanza anasema. "Hatukuambiwa." Zinajikunja zenyewe, mara moja, mara mbili, mara nne, zinatoka nje kwa unyenyekevu. MAPOKEZI linawaka moto na kuwa meko. Mlangoni kibao kinaanguka, na nyuma yake naiona njia, nyekundu, iliyofagiwa, inashuka hadi barabarani.

Tarishi anakaa chini. Anavua viatu, au zile kamba, anavipanga ukutani sambamba, anashusha pumzi ya miaka tisa.

"Upo," ananiambia. "Jibu lako ndilo hilo, mwalimu. Upo."

Na Diski linapunguza mwendo. Tiki. Tiki. Linasimama.

Niliamka shavu langu likiwa juu ya vibonyezo. Saa nane na nusu. Kitu cha kwanza nilichosikia ni kwamba sikusikia kitu. Jirani alikuwa anakwangua sufuria, ndege wako juu ya bati, mambo ambayo sijayasikia chumbani mwangu tangu laptopu ile iingie. Feni ilikuwa imelala. Niliangalia namba: diski, asilimia moja.

Faili lilikuwa wazi. Nilisoma mstari wa sita, kuhusu shukrani kwa majirani. Chini yake, Wallahi, kulikuwa na mstari wa saba. Neno kwa neno. Na pembeni, kwenye kisanduku cha kutafutia ambacho sijakigusa miaka tisa, pameandikwa Nakiete, na chini ya jina: limepatikana, mara moja.

Nilifurahi. Naomba niaminiwe hapo. Nilicheka peke yangu, nikalia kidogo, nikapanga karatasi kwenye printa, kumi na mbili, nikazigonga mezani zikae sawa. Nilikuwa nimebakiza kubonyeza tu. Simu ikalia.

"Katibu, umechapa?"

"Ndo nachapa, kaka."

"Usinicheleweshe, bwana. Uko kama tulivyouacha?"

Nilikuwa nimelisema jambo lile mbele ya watu kumi na wawili, kwa nguvu, dakika tano zilizopita. Sasa alikuwa mtu mmoja, tena kwenye simu.

"Katibu? Uko kama tulivyouacha?"

"Uko, kaka."

"Ndo maana nakupenda, mdogo wangu. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Alikata. Nikapeleka kidole cha shahada kwenye kile kibonyezo cha kufutia, na kidole hakikwenda. Nilikitazama. Kilikuwa cheupe, cha baridi, kimekufa ganzi chote, na shinani kulikuwa na alama ya mzunguko mara tatu, kama shingo ya taa ya umeme. Nilikibonyeza kwa mkono mwingine, sikusikia kitu. Nikakaa vile, kidole mkononi, nadhani dakika nzima. Mtu mwingine angeelewa. Mimi pia nilielewa, sina cha kusingizia.

Nina vingine tisa. Nilitumia cha kati.

Mstari ulipotoweka feni iliwaka. Namba ikapanda, arobaini, themanini, mia, na mle ndani nikasikia tiki tiki tiki, mtu mzima anavaa viatu vyake. Nikachapa nakala kumi na mbili.

Saa kumi tulisaini mahudhurio. Shangazi Nakiete aliweka dole gumba, akanirudishia kalamu kwa mikono miwili. Soda zikafunguliwa. Nikasoma muhtasari, kutoka shukrani kwa majirani nikaruka hadi kufunga kwa sala. Shangazi alinyoosha mkono, akaomba radhi kwa kukatiza.

"Wanangu, mimi nilidhani siku ile palisemwa neno. La mimi na nyumba."

Watu waliinamisha vichwa kwenye karatasi zao. Niliwaona wanakumbuka. Baba mdogo alikumbuka, maana neno lenyewe alilitoa yeye, midomo ilimcheza. Lakini kila mmoja aliangalia nakala yake, na nakala ilikuwa haina.

"Katibu," kaka alisema, "mstari huo upo?"

"Haupo," nikasema.

Shangazi alinitazama kidogo, kisha akatikisa kichwa, si kwa kukataa, ni vile mtu anavyojicheka akikuta ufunguo uko mkononi mwake.

"Basi ni masikio yangu," akawaambia. "Uzee huu. Abineri hawezi kuacha kitu, nimemlea mwenyewe."

Wakampa hadi mwisho wa mwezi awe amehama. Watu walipoanza kutoka alipita kwenye kiti changu, akanishika mkono kuaga. Akausimamisha hapohapo, akakiona kidole, akaanza kukisugua taratibu kwa kiganja chake.

"Mbona kimepoa hivi, baba?" akasema. "Hebu niambie kweli. Leo umekula?"